Majimbo, Shirikisho na Ugatuzi: Maneno Yetu na Serikali ya Nchi Yenye Watu Mbalimbali

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza mfumo wa serikali ya shirikisho kwa kupitia maneno ambayo wasemaji wa Kiswahili wameyatumia kuutaja. Huenda wenzetu wa Idara ya Sayansi ya Siasa wakauliza kwa nini mwalimu wa lugha anaingia katika shamba lisilo lake. Jibu letu ni kwamba hapa Kenya shamba hilo lililimwa kwa neno la Kiswahili tangu mwanzo. Mikutano ya katiba ya Lancaster House iliendeshwa kwa Kiingereza, na sheria zote zilizotokana nayo ziliandikwa kwa Kiingereza. Lakini neno lililobeba ugomvi wenyewe, likaingia katika magazeti ya Kiingereza bila ya kutafsiriwa na likabaki humo hadi leo, lilikuwa majimbo. Si maneno mengi ya siasa ya Kiswahili yaliyopata uraia katika lugha ile. Uhuru, ujamaa na harambee yaliupata kwa sababu yalikuwa maneno ya fahari. Majimbo liliupata kwa sababu ya hofu.

Dai letu ni hili: mfumo wa shirikisho una sehemu mbili, na hakuna mojawapo isimamayo bila ya nyingine. Sehemu ya kwanza ni watu wa mahali fulani kujitawala katika mambo yao. Sehemu ya pili ni watu wa mahali pote kutawala pamoja katika yale yawahusuyo wote. Neno tulilolichagua mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilitaja sehemu ya kwanza tu, na tumebishana juu ya nusu hiyo kwa zaidi ya miaka sitini. Mifano mingi nitaitoa Kisumu, na hasa Kibuye ninakoishi. Mji huu uliwahi kuukataa mfumo huu, ukaonja makali ya kinyume chake, ukaugeukia na kuutaka, na sasa unaishi ndani ya mfumo unaokaribiana nao.

Shirikisho ni nini

Katika serikali ya kawaida ya umoja, mamlaka yote yako mahali pamoja. Wenye mamlaka hayo wanaweza kuwakabidhi wengine sehemu ya kazi, na siku wakitaka wanaweza kuirudisha. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 1972 kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani: watumishi na bajeti walipelekwa mikoani, lakini wakuu wa mikoa waliendelea kuteuliwa na Rais, na hakuna mkoa uliopata kitu ambacho Dar es Salaam haikuweza kukichukua tena. Huko kulikuwa kugawa mzigo. Mzigo ukigawanywa, mwenye mzigo bado ni yule yule.

Katika shirikisho mambo ni tofauti. Serikali ni mbili, kila moja ikiwa na kazi zake zilizotajwa na katiba, na hakuna hata moja iwezayo kuibadilisha katiba hiyo peke yake. Kunakuwa na mahakama ya kuamua wanapogombana. Tena, na hapa ndipo wengi huteleza, kunakuwa na mahali ambapo sehemu zote hukutana ili kuamua mambo ya nchi nzima, aghalabu katika baraza la pili la bunge. Mtaalamu wa Marekani, Daniel Elazar, aliyeutafiti mfumo huu kwa miaka mingi, aliufafanua kuwa ni kujitawala pamoja na kutawala kwa kushirikiana. Fasili hiyo ni fupi, lakini sijaona iliyo bora zaidi.

Kwa nchi yenye watu wa lugha, dini na desturi mbalimbali, faida ya mpango huu inaonekana upesi. Jamii ndogo ambayo haiwezi kamwe kushinda uchaguzi wa nchi nzima inapata mahali pa kuamua juu ya mambo yake, na haipotezi kiti chake katika baraza la wote. India ilipanga upya majimbo yake mwaka 1956, na kwa kiasi kikubwa ilifuata mipaka ya lugha. Wapo waliotabiri kwamba nchi hiyo ingevunjika, lakini haikuvunjika. Nigeria, kwa upande mwingine, ilipata uhuru mwaka 1960 ikiwa na majimbo matatu makubwa mno, kila moja likitawaliwa na kabila moja lenye nguvu, na mwaka 1967 ikaingia vitani. Leo ina majimbo 36. Ethiopia imefuata njia ya tatu tangu katiba yake ya 1995, ambayo inayapa mataifa yake haki ya kujitenga, na yaliyotokea Tigray kuanzia Novemba 2020 yamewapa wapinzani wa mfumo huo mengi ya kusema. Kwa hiyo shirikisho si dawa ya kila ugonjwa. Vipande vikikatwa vibaya, ama kukikosekana mahali pa kukutania, huweza kuukuza ugonjwa wenyewe.

Uchambuzi wa maneno

Tuyachukue sasa maneno yenyewe. Jimbo ni neno la zamani lenye maana ya sehemu ya nchi inayokaliwa na watu. Halina ubaya wowote. Kila jioni msikilizaji wa idhaa za Kiswahili husikia habari za jimbo la Kivu Kaskazini, jimbo la Kano na jimbo la Texas, na hashtuki. Nchini Tanzania jimbo ni eneo la uchaguzi wa mbunge, na mtu anayeutafuta ubunge husema anagombea jimbo bila ya kumtisha jirani yake. Ni Kenya tu ambako neno hili, likiwekwa katika wingi na kutajwa jukwaani, huwafanya watu wengine waanze kufunga mizigo.

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria, nayo nitaieleza baadaye kidogo. Sababu ya pili imo katika umbo la neno. Majimbo ni wingi wa jina la mahali. Linataja vipande, halitaji kinachoviunganisha. Halitokani na kitenzi, kwa hiyo halina mtenda wala mtendwa wala tendo. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, mwenzangu mmoja kutoka India aliniuliza tunauitaje mfumo huu kwa lugha yetu. Nilimwambia majimbo, akataka nimtafsirie neno kwa neno. Baada ya kunisikiliza alisema kwamba nimemtajia vyumba, sasa nimtajie nyumba.

Shirikisho lina tabia nyingine kabisa. Tunaanza na shiriki, neno lililotoka katika Kiarabu, tunalitia kiambishi cha kusababisha tukapata shirikisha, kisha tunamalizia kwa -o la kuundia majina. Ndani ya neno hilo mna watu zaidi ya mmoja, mna kitu wanachokishiriki, na mna utaratibu unaowafanya wakishiriki. Neno hili liko karibu zaidi na maana tuliyoieleza hapo juu. Kwa bahati mbaya Wakenya wengi walilifahamu kwanza katika mambo ya kandanda na vyama vya wafanyakazi. Na lilipoingia katika siasa za vyama lilikuwa jina la chama cha Pwani, kile kilichopata kiti cha Likoni katika uchaguzi wa 1997, mwaka ule ule wa mauaji ya Likoni. Hivyo nalo likapakwa rangi ya upande mmoja.

Muungano, neno ambalo Tanganyika na Zanzibar zililichukua tarehe 26 Aprili 1964, lina kiambishi -an- cha kutendana: pande mbili zinaungana, hakuna aungaye mwenzake. Mjadala wa serikali mbili au tatu, uliopamba moto bungeni mwaka 1993 na tena baada ya rasimu ya Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013, kwa kiasi fulani ni mjadala juu ya -an- hiyo, yaani ni nani hasa waliomo katika kuungana huko kwa kuwa Tanganyika haina serikali yake. Waganda nao walilichukua neno la Kiingereza wakalifanya federo. Katiba yao ya uhuru ya 1962 iliipa Buganda hadhi ya namna hiyo, ambayo falme nyingine hazikuipata kwa kiwango kile kile. Milton Obote aliivunja mwaka 1966, na tangu hapo federo katika kinywa cha Mganda ni jina la kitu kilichoporwa. Kwa jirani yake asiye Mganda, mara nyingi ni jina la upendeleo.

Majimbo ya 1963

Turudi Kenya. Chama cha KADU kilianzishwa mwaka 1960, na viongozi wake, Ronald Ngala, Masinde Muliro, Daniel arap Moi na wenzao, walisema kwa niaba ya jamii zilizohofia kumezwa na makabila makubwa mawili, Wakikuyu na Waluo, ambao ndio waliokuwa nguzo za KANU. Hofu yao haikuwa ya kubuni. Lakini waliungwa mkono pia na walowezi wengi, nao walowezi walikuwa na sababu nyingine: walitaka ardhi ya Bonde la Ufa isiwe mikononi mwa serikali moja yenye nguvu. Mchanganyiko huo wa hofu ya wanyonge na hila ya wenye mali ulilitia neno majimbo doa mapema sana. Isitoshe, habari za Katanga, lililojitenga na Kongo mnamo Julai 1960, zilikuwa masikioni mwa kila mtu.

Katika mkutano wa pili wa Lancaster House, mwaka 1962, KANU ilikubali ili uhuru usicheleweshwe, na haikuficha sana kwamba ingeibadilisha katiba hiyo ikipata nafasi. Yakaundwa majimbo saba, yaani Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi na Kaskazini Mashariki, na Nairobi ikawekwa kando. Wilaya za Waluyia zilikatwa kutoka Nyanza ya zamani zikawa Jimbo la Magharibi. Kila jimbo lilikuwa na baraza lake na rais wake; Ngala akawa rais wa Pwani, na Moi wa Bonde la Ufa. Juu yake kulikuwa na Seneti ya watu 41, na vifungu vilivyolinda majimbo havikuweza kubadilishwa ila kwa kura ya asilimia 75 ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti.

Ningependa msomaji aitazame Seneti hiyo kwa makini kuliko tulivyozoea. Ndiyo iliyokuwa ile sehemu ya pili ya shirikisho, mahali pa kutawala pamoja. Na katika mabishano ya wakati ule haikutajwa ila kwa nadra. Waliotetea walitetea majimbo, na waliopinga walipinga majimbo. Seneti haikuwa na jina la Kiswahili lililosisimua mtu yeyote, na hata ilipokufa hakuna aliyeilia.

Nayo haikukawia kufa. Serikali ya KANU ilichelewesha kuyapa majimbo kazi na fedha zao. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilijivunja na wabunge wake wakahamia upande wa serikali, na mwezi uliofuata nchi ikawa jamhuri. Mwaka 1965 jimbo lilibadilishwa jina katika sheria likawa mkoa, na mabaraza yake yakabakiwa na jina na mapambo tu. Mwaka 1966 Seneti iliunganishwa na baraza la chini. Mwaka 1968 mabaraza ya mikoa yakafutwa kabisa. Badiliko la jimbo kuwa mkoa ni somo zuri la semantiki. Mipaka ilikuwa ile ile, na watu walikuwa wale wale. Kilichoondoka ni baraza, na kilichobaki ni Mkuu wa Mkoa aliyeteuliwa na Rais.

Kisumu kati ya 1963 na 2010

Watu wa Kisumu hawakuyataka majimbo. Oginga Odinga, makamu wa rais wa KANU tangu 1960, aliyapinga kwa nguvu zake zote, na wapigaji kura wa Nyanza ya Kati walikuwa nyuma yake. Hoja yao ilikuwa na uzito: nchi changa ilihitaji serikali moja imara ya kugawa upya ardhi na elimu, na majimbo yalionekana kuwa ukuta wa kuwahifadhia walowezi mali. Wasichokizingatia ni kwamba serikali hiyo moja imara huenda siku moja isiwe yao.

Siku hiyo ilikuja mapema. Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais mwaka 1966 akaanzisha KPU. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa Nairobi. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ambayo hadi leo wazee huiita Rasha, kando ya barabara iyo hiyo ipitayo Kibuye. Palitokea ghasia, askari wakafyatua risasi, na watu wakafa. KPU ikapigwa marufuku siku chache baadaye, na Odinga akawekwa kizuizini. Mwaka huo pia ilipitishwa sheria iliyoyanyang'anya mabaraza ya kaunti ya wakati ule shule za msingi, afya na barabara. Neno kaunti, kwa hiyo, si geni kama vijana wetu wanavyodhani. Liliwahi kuwa na maana hapa, kisha likafanywa ganda tupu.

Mtu angetarajia kwamba baada ya hayo Kisumu ingelikumbatia neno majimbo. Haikuwa hivyo, kwa sababu mwaka 1991 neno lenyewe lilirudi katika vinywa vya watu wengine. Wakati nchi ilipokuwa ikidai vyama vingi, baadhi ya wanasiasa wa KANU wa Bonde la Ufa walihutubia mikutano wakidai majimbo, na safari hii walimaanisha kwamba wasio wenyeji warudi kwao. Mwishoni mwa Oktoba 1991 mapigano yalianza katika shamba la Meteitei, wilayani Nandi, karibu kabisa na mpaka wa Kisumu. Waluo waliofukuzwa walikimbilia Muhoroni na kwingineko upande wetu. Ndipo lilipopata nguvu neno madoadoa: watu wa kabila jingine ni madoa katika kitambaa, na kitambaa hufuliwa.

Hapa hatuna budi kujichunguza sisi wenyewe pia. Katika Kijaluo mtu anayeishi juu ya ardhi ya ukoo usio wake huitwa jadak, na wengi wao ni jodak. Wenye ardhi ni weg lowo. Mtu anaweza kuzaliwa jadak, akazeeka jadak, na wajukuu wake wakakumbushwa ujadak siku ya ugomvi wa mpaka. Kiswahili kina wenyeji na wageni, ambayo ni maneno mapole zaidi, lakini yakishindiliwa ndani ya neno majimbo hufanya kazi ile ile. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambao katika kampeni zake majimbo yaliahidiwa na upande mmoja na kuogopwa na upande mwingine, maduka yalichomwa Kisumu na wakazi Wakikuyu wakaondoka mjini. Waliouawa kwa risasi za polisi katika mji huu siku zile walikuwa wengi, na kilio chao ni cha haki. Lakini duka lililochomwa nalo lilichomwa kwa fikra kwamba mji una mwenyewe.

Ugatuzi

Waliotengeneza katiba mpya walilikwepa neno lililoharibika wakatafuta jingine. Kazi hiyo iligharimu maisha. Dakta Crispin Odhiambo Mbai, mwalimu wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenyekiti wa kamati ya ugatuzi katika mkutano wa katiba wa Bomas, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Nairobi tarehe 14 Septemba 2003. Rasimu ya Bomas ilikamilishwa mwaka uliofuata, ikabadilishwa na serikali, na wananchi wakaikataa ile iliyobadilishwa katika kura ya maoni ya Novemba 2005. Rasimu ya 2009 ilirudisha ngazi mbili, mikoa mikubwa na kaunti. Mwezi Januari 2010 kamati ya wabunge iliyokutana Naivasha iliifuta mikoa ikaacha kaunti 47, kwa mipaka ya wilaya zilizokuwa katika sheria ya 1992. Hivyo Nyanza ikawa kaunti sita: Siaya, Kisumu, Homa Bay, Migori, Kisii na Nyamira. Nadhani wabunge wale walifanya jambo la busara, ingawa siamini kwamba lilikuwa limetokana na busara peke yake. Kipande kilichokuwa kikubwa cha kutosha kuitisha Nairobi kilitoweka, na pamoja nacho kikatoweka kipande kilichoweza kuitwa nchi ya kabila fulani.

Neno ugatuzi limeundwa kwa kitenzi gatua, sawasawa na uchaguzi kutoka chagua. Tanzania hupendelea ugatuaji, na tofauti si ndogo: kwa -aji tunataja tendo lenyewe likitendeka, kwa -zi tunataja hali au mfumo uliokwisha kusimama. Katika hilo Wakenya wamechagua vyema. Hata hivyo gatua ni kitenzi kielekezi. Lazima awepo mwenye kugatua, na lazima awe anakigatua kitu kilicho chake. Ndiyo maana mtu wa kawaida, na hata waziri, husema kwamba serikali kuu imezipa kaunti fedha, kama kwamba ni hisani.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 1 chasema mamlaka yote ni ya wananchi, nao wanayatumia katika ngazi ya taifa na ngazi ya kaunti. Kifungu cha 6 chasema serikali za ngazi hizo mbili ni tofauti na zinategemeana. Kaunti zote kwa pamoja haziwezi kupewa chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa mujibu wa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Malengo na muundo wa ugatuzi haviwezi kubadilishwa bila ya kura ya maoni. Kwa vipimo vya Elazar, hayo ni zaidi ya ugatuzi. Lakini kaunti hazina polisi, hazina mahakama, na hazina katiba zao. Na katika kila kaunti, Kisumu ikiwamo, yupo Kamishna wa Kaunti na machifu wake walio chini ya serikali ya taifa. Mfumo wetu, basi, ni mkubwa kuliko jina lake na ni mdogo kuliko shirikisho kamili.

Masoko mawili

Ili tuone mfumo huu ukifanya kazi, twende Kibuye siku ya Jumapili, siku ya soko kuu. Nguo za mitumba, vitanda, majiko ya bati, omena na mbuta kutoka Mbita na Usenge, ndizi za Kisii, mboga za Vihiga, mahindi yaliyopitia Busia. Jina la mahali penyewe, lenye ki- ya mwanzo, lina sura ya Kibantu, nalo hupatikana pia Kampala na kando ya Ziwa Kivu huko Rwanda. Sitaki kulijengea hoja, ila inapendeza kuliona katikati ya mji ambao wengi huuita wa Wajaluo. Masoko, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ni kazi ya kaunti. Barabara kuu ipitayo kando yake kuelekea Kondele na Kakamega ni ya serikali ya taifa, na polisi aliyesimama njia panda ni wa serikali ya taifa pia. Mchuuzi apangaye viatu vyake ukingoni mwa lami anaweza kuwa amelipa ushuru wa kaunti na bado akahamishwa na wenye barabara. Anapolalamika, kila ofisi humwelekeza kwa nyingine, na kisheria zote mbili zinaweza kuwa zinasema kweli.

Mama wa samaki kutoka Homa Bay ana swali zito zaidi. Ametoka kaunti nyingine, akavuka mpaka, akaja kuuza mjini. Je, ni jadak? Majimbo kama yalivyohubiriwa mwaka 1991 yangemjibu kwamba ndiyo. Katiba yamjibu kwamba sivyo: kifungu cha 209 chakataza kaunti kutoza kodi kwa namna itakayodhuru shughuli za uchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, au mwendo wa bidhaa na watu nchini. Hapo ndipo shirikisho linapoachana na majimbo ya jukwaani. Kaunti ni mwenye soko. Si mwenye watu walio sokoni.

Soko la pili ni la Sondu, lililo mpakani mwa Kisumu na Kericho. Bidhaa zake hazitofautiani sana na za Kibuye, na wauzaji ni Wajaluo, Wakipsigis na Wakisii. Lakini kaunti mbili zinagombania mpaka wake na ushuru wake, na mnamo Oktoba 2023 watu waliuawa hapo, nyumba zikachomwa. Ugomvi kama huo, bila ya damu kiasi hicho, uko Maseno baina ya Kisumu na Vihiga. Wapo wasemao kwamba Sondu ni ushahidi dhidi ya ugatuzi. Mimi naona ni ushahidi wa upungufu wake. Tumezipa kaunti mbili hamu ya kulimiliki soko, na hatujazipa chombo cha kulimiliki pamoja chenye nguvu ya kuzilazimisha. Kaunti tano za Kenya zinazopakana na Ziwa, yaani Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, zina tatizo hilo hilo katika uvuvi, kwa kuwa samaki hajui mpaka, na gugumaji lililopeperushwa na upepo kutoka Homa Bay hulala kesho yake Dunga.

Kazi ya kutawala pamoja ina mfano mmoja mkubwa katika Seneti iliyorudi mwaka 2013 baada ya miaka 47. Katika mwaka wa fedha wa 2013/14 kaunti zilitengewa shilingi bilioni 190 za mgao wa usawa. Kufikia 2023/24 zilikuwa bilioni 385.4. Jinsi ya kugawana fedha hizo ni jambo la maseneta, na mwaka 2020 walishindwa kuafikiana kikao baada ya kikao. Kaunti zenye watu wengi zilitaka idadi ya watu ipewe uzito zaidi, na wakubwa wake walikuwa na usemi wao wa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kaunti kame za kaskazini na baadhi ya zile za Pwani, zenye ardhi kubwa na watu wachache, zilikuwa zipunguziwe. Magazeti yaliita hali hiyo mgogoro na aibu. Mwishowe, mwezi Septemba, ilikubaliwa kwamba jumla iongezwe hadi bilioni 370 katika mwaka wa fedha uliofuata, ndipo kanuni mpya ianze kutumika, isipungukiwe kaunti yoyote.

Kwa maoni yangu hapakuwa na aibu yoyote. Wajir na Kiambu zilikaa katika chumba kimoja, kila moja ikiwa na kura moja, mpaka zikasikilizana. Jambo hilo Seneti ya 1963 haikupewa muda wa kulifanya hata mara moja. Wachuuzi wa Kibuye walilifuatia redioni kama walivyofuatia mechi, na wengi wao walilieleza kuwa ni magavana kugombania pesa. Majimbo, kaunti, ugatuzi, ushuru: maneno hayo huyasikia sokoni kila Jumapili. Neno la kuitajia kazi ile ya kukaa chumba kimoja bado sijalisikia.